Breki Kwanza, Mbwembwe Baadaye!

Mwenzi wako kaleta nyumbani Altezza lililokufa injini na anataka kulifufua kwa mikono yake? Usikimbilie kununa. Ila usiseme ndiyo kabla hujasoma kilichotukuta sisi, watu wa Singida.

Siku ile tulikuwa safarini kwenda Nzega, harusi ya binamu yangu. Nywele nimesuka juzi yake, gauni nimelitundika kiti cha nyuma lisijikunje, zawadi iko kwenye buti. Mume wangu kashika usukani, meno yote nje. Injini aliyoifungua na kuifunga mwenyewe uani kwetu, kwa miezi saba, ilikuwa inaimba! Tukapita Iguguno, tukapita Misigiri, muziki mwanana, stori zinanoga. Tukafika Sekenke.

Mliowahi kupita barabara ya Singida kwenda Igunga mnaujua mlima ule. Barabara inaaga nyanda za juu za Iramba na kuteremka, kona juu ya kona, hadi inapotulia Shelui kwenye tambarare ya Wembere. Malori yanashuka kwa gia ndogo, taratibu kama msafara wa bibi harusi. Sisi tulishuka na gia ya tano, kwa mikogo, mguu wa mume wangu ukiwa juu ya breki karibu muda wote.

Katikati ya mteremko nikamwona anakanyaga mara mbili haraka haraka. Kisha mara tatu. Uso ukabadilika.

"Vipi?" nikauliza.

"Hamna kitu. Kaza mkanda."

Jamani, mwanaume akikwambia hamna kitu huku anahangaika na gia, ujue kitu kipo. Pedali ilikuwa inazama mpaka chini kama anakanyaga sponji. Akarudi gia ya tatu, akarudi ya pili, injini ikapiga kelele, hendibreki akaivuta kidogo kidogo, na lori lililokuwa mbele yetu likawa linazidi kuwa kubwa kwenye kioo. Tulisimama kwenye changarawe pembeni ya barabara. Kutoka boneti yetu hadi bodi ya lile lori ningeweza kuhesabu hatua, na zisingefika kumi.

Tukakaa kimya. Gari lilikuwa linanuka kuungua. Baada ya muda mume wangu akasema, kwa sauti ndogo, "Breki sikuzigusa."

Miezi saba, mamilioni ya shilingi, injini inaimba, na breki ni zile zile zilizokuja na gari likiwa mfu. Mpenzi msomaji, makala hii ni kwa ajili ya sentensi ile.

Lilivyoingia uani

Turudi nyuma kidogo. Juni 2021, jioni, niko jikoni nasikia mlio wa gari la kuvuta magari. Natoka, namkuta mume wangu anaelekeza watu wasivunje maua yangu. Nyuma ya mnyororo kuna Toyota Altezza RS200, rangi nyeupe iliyoshindwa na vumbi la Singida, taa moja imepasuka.

"Mke wangu, njoo uone!" anasema.

Nikaona. Nikauliza bei. Milioni nne na nusu. Nikauliza pesa imetoka wapi, na hapo akaanza kuangalia viatu vyake. Ilitoka kwenye akaunti ya kiwanja. Mimi ni mhasibu, yeye mwalimu wa fizikia, na kwa miaka miwili tulikuwa tunaweka kidogo kidogo tupate kiwanja chetu tuachane na kupanga. Sasa kiwanja kiko uani, kina matairi manne na yote hayana upepo.

Nilinuna siku tatu. Siyo siri. Dada yangu aliponipigia nikamwambia, "Shemeji yako kaoa mke wa pili, anaitwa Altezza." Tulicheka, ila moyoni sikuwa nacheka. Gari halikuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa kuambiwa baada ya jambo kwisha.

Siku ya nne tuliongea. Alisema ukweli: tangu akiwa chuo alitamani gari hilo, alipolisikia linauzwa kwa bei ya chuma chakavu aliogopa mtu mwingine atawahi, na aliogopa zaidi kwamba nikiulizwa nitakataa. "Ungekataa," akasema. Kweli, ningekataa. Lakini ningekataa tukiwa wawili.

Tukakubaliana gari libaki, kwa sharti moja: kila shilingi inaandikwa kwenye daftari, na daftari nalishika mimi. Ni sharti zuri. Tatizo, niliandika bei ya kila kitu bila kuuliza kipi kinatangulia kipi. Hilo kosa ni langu pia.

Kwani hili gari lina nini?

Kama wewe si mtu wa magari, ngoja nikupe kwa kifupi kitu ambacho mimi nilipewa kwa saa mbili. Altezza lilitoka Japani mwaka 1998, na likachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani ya 1998–1999. Mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama. Nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, jina la heshima wanaloitwa wana wa kifalme. Na zile taa za nyuma zenye vioo vyeupe na duara ndani yake zilipendwa hadi magari ya kila aina yakaanza kuvalishwa za kuiga.

Lipo la AS200, lenye injini ya silinda sita, pole pole. Na lipo la RS200, lenye injini ya 3S-GE ya silinda nne, lita mbili, kazi ya Toyota wakishirikiana na Yamaha. Hii ya RS200 yenye gia sita za mkono ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210, na inazitoa zote ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Kwa injini ya lita mbili isiyo na turbo, hiyo ni bonge la kazi. Ndiyo maana vijana wanachizika.

Ila kuna jambo ambalo washkaji vijiweni huwa hawakwambii. Singida mjini tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inakula hewa inayoikuta. Kwa urefu huu inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Zile farasi 210 za Japani, hapa kwetu Mandewa zinabaki 180 hivi, tena kama injini ni nzima. Ya kwetu ilikuwa imenoki. Hata farasi mmoja haikuwa naye.

Injini mezani

Ikaja kazi ya kuchagua njia. Ya kwanza, kuagiza injini nzima ya mtumba kutoka Dar, kule Gerezani au Ilala, ifike kwa lori, ifungwe, maisha yaendelee. Ni haraka, ila unanunua kitu ambacho hujakiona ndani. Ya pili, ambayo washkaji waliipigia debe sana, kutupa hiyo 3S na kuweka 2JZ ya turbo, injini ya lita tatu ambayo Japani ilisajiliwa kwa farasi 280. Nikauliza itagharimu kiasi gani pamoja na gia boksi, waya na kila kitu. Jibu lilipokuja nikalifunga daftari. Ya tatu, kuifungua iliyopo na kuijenga upya. Tukachagua ya tatu.

Injini ilitolewa kwa winchi ya mnyororo tuliyoikodi, ikining'inia kwenye mabomba matatu ya chuma. Kwenye mti tulikataa, na wewe kataa. Tawi linaweza kuonekana imara huku ndani limeliwa na mchwa.

Adui wa kwanza wa kazi hii Singida ni upepo. Mnaujua wenyewe: kuanzia asubuhi unavuma na vumbi lake, na punje moja ya mchanga ndani ya beringi inatosha kurudisha kazi mwanzo. Mume wangu akahamishia injini stoo, akaziba dirisha, akawa anafunika kila kipande kwa shuka safi. Siku nilipogundua shuka zenyewe ni zile tulizozawadiwa harusini, kidogo nyumba iwake moto. Tukamalizana: alininunulia pea mpya, na nikaiandika kwenye daftari chini ya "spea".

Kilichokutwa ndani hakikuwa cha ajabu. Mwenye gari wa zamani alikuwa analiendesha likiwa na oili kidogo. Injini inayozunguka mara elfu saba haina msamaha kwa jambo hilo. Beringi za konrodi zilikuwa zimelika, krenki ina mikwaruzo, ringi za pistoni zimechoka, ndiyo maana lilitoa moshi wa bluu kabla ya kufa.

Haya ndiyo tuliyojifunza, na wewe yatakufaa:

Kila boliti na mahali pake. Tulitumia trei za mayai, kila shimo na karatasi yake, na picha za simu kabla ya kufungua chochote. Boliti zikibaki mwishoni usijisifu kwamba umeokoa spea.

Krenki haichongwi uani. Inapelekwa kwenye mashine, inapimwa, inachongwa, kisha unanunua beringi zinazolingana na kilichochongwa, kwa kawaida zimezidi kwa robo ya milimita. Ukinunua beringi kabla ya kupima umetupa hela.

Uso wa silinda hedi lazima uwe umenyooka. Unaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha kipimo chembamba chini. Mpindo unaoruhusiwa ni mdogo kuliko unene wa unywele. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, maji na oili vitakutana tena.

Nunua au kodi spana ya kupima mkazo. Boliti za hedi zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. "Nimekaza mpaka mkono umesema basi" siyo kipimo.

Belti ya taimingi, tensheni yake na pampu ya maji vinabadilishwa kwa pamoja. Belti hizi za Toyota kwa kawaida zinatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukinunua gari la mkononi chukulia kwamba hajabadilisha mtu.

Na kuongeza nguvu? Hapa ndipo pesa inapopotelea. Mume wangu alitaka lile chujio la hewa la wazi linalokaa kama uyoga, linalotoa mlio wa mashindano. Fundi mmoja mzee wa hapa mjini, tuliyekuwa tunampelekea soda na maswali, akamwangalia akasema, "Kijana wangu, kwa vumbi hili utavuta Singida yote iingie kwenye pistoni." Tukabaki na boksi la kiwandani na chujio jipya. Nguvu tuliyoongeza ilitokana na vitu visivyo na sifa: plagi mpya, koili mpya mbili, vali za oili zinazoendesha mfumo wa VVT-i zikasafishwa, rejeta mpya, na bomba la moshi lisiloziba. Nguvu ya kwanza ya injini ya zamani ni ile iliyokuwa nayo ikiwa mpya. Irudishe hiyo kwanza.

Januari 2022 ikawaka. Tuliizungusha kwanza bila plagi mpaka taa ya oili ikazima, ili oili ifike kila mahali. Kisha plagi, kisha ufunguo. Ilipounguruma mume wangu alilia. Na mimi nililia. Majirani wakadhani kuna msiba.

Kilomita elfu moja za mwanzo aliendesha kwa adabu, bila kuikamua, kisha akamwaga oili ile ya kwanza na kuweka mpya. Kila kitu kwa kitabu. Kisha akachukua pesa iliyobaki akanunua rimu za inchi 17 na kitu cha kung'arisha boneti. Breki? "Zinashika tu," alisema.

Na zilikuwa zinashika kweli. Mjini, kutoka Mandewa hadi kazini, kwenye spidi 40, zilishika vizuri sana.

Kwa nini zilikataa Sekenke

Nilimuuliza mwalimu wangu wa fizikia anieleze, na kwa kuwa alikuwa na hatia alinieleza vizuri.

Breki haimezi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Ukiongeza spidi mara mbili, kutoka 50 hadi 100, joto la kulisimamisha gari linaongezeka mara nne. Mteremko una hesabu yake nao. Gari letu pamoja na sisi, mizigo na zawadi ya binamu, tuseme kilo 1,500. Kila ukishuka mita 100 za wima kwa kutegemea breki peke yake, unazipa joto sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka spidi 100 mara mbili na nusu. Tena bila kupumzika. Sasa shuka mlima mzima huku umekanyaga.

Joto lile linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kalipa, linafika kwenye mafuta ya breki. Na mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yananyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155, na ya DOT 3 hadi 140. Ya kwetu yalikuwa meusi kama kahawa. Nani anajua yaliwekwa lini. Yalipochemka yakatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyezeka. Mguu ukawa unabonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Kilichotuokoa ni gia. Na lile lori kuwa linatembea.

Nilimwambia jambo moja tu tuliporudi: gari halitoki getini mpaka breki ziwe nzima, na safari hii na mimi nitashika spana. Hakubisha.

Kanyaga, shika, achia

Kwanza tukakosea tena kidogo. Washkaji wakasema tutafute kalipa za pistoni nne za Toyota Celsior, ambazo wapenzi wa Toyota za spoti wanazihusudu. Zikaja kwa basi kutoka kwa muuzaji mmoja aliyetutumia picha nzuri. Kufungua boksi: pistoni mbili zimeganda kwa kutu, na sehemu ya kuzifunga haikulingana na ya gari letu bila kuchonga chuma. Pesa haikurudi. Nikaiandika kwenye daftari chini ya "karo".

Yule fundi mzee akatupa shule. Kalipa kubwa mbele peke yake inaweza kuharibu uwiano wa breki za mbele na nyuma, na gari likakosa adabu unapofunga ghafla. Isitoshe, kalipa kubwa inataka diski yake, rimu yenye nafasi, na pampu ya kutosha kuisukuma. "Rudisheni kwanza breki za gari hili ziwe kama mpya. Halafu mniambie kama zinawatosha."

Tukafanya hivi. Diski mpya nne na pedi za daraja zuri zinazovumilia joto, kutoka duka linalokupa risiti. Kalipa zetu wenyewe tukazifungua, tukasafisha pistoni, tukabadilisha sili zote za mpira. Hapa angalieni sana: sili za breki hazipakwi grisi ya kawaida wala kuoshwa kwa petroli au dizeli, zinavimba na kuganda. Zinataka mafuta ya breki safi au grisi yake maalumu. Pini ambazo kalipa inateleza juu yake tulizikuta zimekauka, kumbe ndiyo maana pedi za upande mmoja zilikuwa zimeisha na za upande wa pili nzima. Paipu za mpira zote nne mpya, maana zile za zamani zilikuwa na nyufa kama visigino vya kiangazi. Mwisho, mafuta mapya ya DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo hiyo.

Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani na za bei chee zinaweza kuwa na asbesto, na hiyo ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Lilowanishe, lifute, tupa kitambaa. Na gari lisimame kwenye stendi za chuma, siyo mawe. Singida tuna mawe mazuri sana, tuyaache kule ziwani.

Halafu ikaja kazi ya kutoa upepo kwenye mfumo, na hii, wapenzi wasomaji, ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedali. Mwingine yuko chini ya gurudumu na spana, na kijibomba cha plastiki kinachoingia kwenye chupa. Hamuonani. Mnasikiana tu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika!" Anafungua nati, mafuta na mapovu yanatoka, pedali inazama chini ya mguu wangu. Anafunga. "Achia!"

Nikiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani na tunaanza upya. Akifungua kabla sijakanyaga, vilevile. Mara ya kwanza tuligombana. Yeye analalamika nawahi kuachia, mimi nalalamika anaongea na kalipa badala ya kuongea na mimi. Tukatulia, tukakubaliana: hakuna anayefanya kitu mpaka mwenzake ajibu. Tukaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu, tukaja hadi la mbele kulia. Kila baada ya muda nilitoka kuongeza mafuta, maana kopo la juu likikauka umerudi sifuri.

Kwenye gurudumu la mwisho pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu, kama jiwe. Sijui niseme nini zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu lile gari lifike nililiona letu.

Baada ya hapo tulimwita fundi mzee akague kila nati, kwa sababu kwenye breki macho ya mtu wa tatu si anasa. Kisha alfajiri moja, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, mume wangu akazifundisha pedi mpya kazi: anafika spidi 60, anapunguza taratibu hadi kama 10 bila kusimama kabisa, anarudia mara kama kumi, halafu anaendesha bila kukanyaga ili zipoe.

Makubaliano yetu ya uani

Tuliyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Yanakili kama yanakufaa:

1. Hakuna kununua gari, injini wala rimu kabla ya wawili kukaa na kukubaliana. "Ningewahiwa" siyo sababu.
2. Pesa ya gari ina mfuko wake. Ya kiwanja, ada na kodi haiguswi.
3. Breki, matairi na usukani vinatangulia. Injini inafuata. Mng'aro mwisho.
4. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linalala tu.
5. Mteremko unashukwa kwa gia ndogo, na kamwe siyo nyutro ati kuokoa mafuta.
6. Ukibadilisha gari, iambie kampuni yako ya bima kabla ya ajali, siyo baada.
7. Jumapili baada ya ibada spana zinalala. Siku ya familia.
8. Mwenzako akiuliza "vipi?", hujibu "hamna kitu".

Sekenke tena

Juni 2022 tulipita tena pale, tunakwenda kuwaona wale maharusi. Juu ya mlima mume wangu akapunguza mwendo, akaingia gia ya tatu, kwenye kona kali ya pili. Injini ikashika gari. Breki alizigusa kwa vipindi: anakanyaga sawasawa, anaachia zipoe, anakanyaga tena. Nyuma yetu Hiace ikapiga honi, ikatupita kwa dharau. Tukaiacha iende.

Sikusema kitu mpaka Shelui. Yeye ndiye aliyeanza. "Pedali iko juu vile vile," akasema. "Kama tulivyoiacha."

Kiwanja tulikipata mwaka uliofuata, mwaka mmoja nyuma ya ratiba yetu ya zamani. Kwenye daftari nimeliandika hilo pia, mstari wake wenyewe, ili tusisahau gari lile liligharimu nini hasa. Sehemu ya kuegesha tumeichora ya magari mawili, na stoo yenye dirisha linaloziba vumbi. Shuka zangu nimeziweka kabati la juu kabisa.

Kwa hiyo, kama mwenzi wako ana ndoto yake iliyoegeshwa uani, msimcheke na msimkimbie. Kaeni chini, fungueni daftari, mpangeni kipi kitangulie. Halafu siku ya kutoa upepo, kaa wewe kwenye pedali.